Madaftari Mawili Yasipolingana

Wanachama wenzangu, mniwie radhi kwa kuichukua nafasi katika gazeti letu hili, ambalo kwa desturi hutuletea khabari za bei, za miche na za mvua, nikaitumia kwa jambo la kompyuta. Sikuona njia nyingine. Mavuno yanakaribia, na kwa jinsi tunavyoziweka hesabu zetu hivi sasa, mtu aweza kuchuma karafuu zake, akazichambua, akazianika juani siku nne au tano, akazipima mbele ya mashahidi, na mwisho wa msimu kilo zake zisionekane katika orodha ya chama. Na orodha hiyo ndiyo inayotazamwa yanapogawiwa magunia na miche, na ndiyo itakayotazamwa kwa chochote kitakachobaki katika mfuko wetu.

Nasema wazi tangu mwanzo kuwa simtuhumu mtu. Makarani wetu ni waaminifu, na wengi wao twawajua tangu walipokuwa skuli. Kasoro imo katika namna ya kazi yenyewe, na hata angeletwa karani hodari kuliko wote kisiwani, kwa namna hii ya kazi angeharibikiwa.

Chama kina kompyuta tatu: moja afisi kuu Chake Chake, moja Wete, na moja Mkoani. Katika kila moja mna folda yenye orodha ya wanachama, hesabu za mizani na barua. Karani wa Wete huandika zake wiki nzima, na Ijumaa kabla ya sala huinakili folda yake katika flashi akampa yeyote anayekwenda Chake. Huko Chake nako, katika wiki hiyo hiyo, karani amekwisha kurekebisha namba za simu, amefuta jina la marehemu na kumwandika mrithi wake, na amemhamisha mwanachama mmoja kutoka tawi hili kwenda tawi lile. Flashi ikifika, pana mafaili mawili yenye jina moja, na yaliyomo ndani yake ni mbali mbali. Kompyuta humwuliza karani: je, hili lililokuja likae mahali pa hili lililopo? Akisema ndiyo, marekebisho ya wiki nzima ya Chake yamekwenda. Akisema siyo, kilo za wiki nzima za Wete hazikuingia. Lipo na jibu la tatu, la kuyaweka yote mawili, na jibu hilo ndilo lililotufikisha hapa tulipo, kwani leo ukiifungua folda ya wanachama utakuta “Orodha Mpya”, na “Orodha Mpya 2”, na “Orodha Mpya Kabisa”, na “Orodha Mpya Kabisa ya Kutumia”, na nyingine imeandikwa “Hii Ndiyo”. Nani atajua ni ipi ndiyo? Aliyeipa jina labda alijua siku ile alipoipa.

Wako waliojaribu kuacha flashi wakawa wanapelekeana mafaili kwa WhatsApp. Hilo limeondoa taabu ya safari tu. Nakala sasa ziko na katika simu pia, na simu moja ina orodha ya wiki iliyopita na nyingine ya wiki hii, na mwenye simu haoni tofauti mpaka aifungue.

Kazi ya kuzifanya folda mbili ziwe sawa, kwa kuleta yaliyo mapya tu na kuyaacha yasiyobadilika, ina programu zake. Huitwa kusawazisha. Si jambo geni. Windows ya mwaka 1995 ilikuja na mkoba wake wa kuchukulia mafaili baina ya kompyuta mbili, nao ukaja ukaachwa. Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras, huko Australia, walitoa programu iitwayo rsync, ambayo ina werevu wa namna yake: faili kubwa likibadilika mahali padogo, haipeleki faili zima, hupeleka vile vipande vilivyobadilika tu. Kwa mtu anayenunua bando kwa fedha yake hilo si jambo dogo. Ndani ya Windows yenyewe, tangu ile iitwayo Vista ya mwaka 2007, imo programu iitwayo Robocopy. Haina sura ya kutazama, huamrishwa kwa maneno ya kuandika, lakini haigharimu hata senti na imo katika kompyuta zetu zote tatu bila sisi kujua. Wapo wanaopenda kuona kwa macho wanachofanya; hao wana FreeFileSync, ambayo hupanga folda mbili, moja kushoto na moja kulia, na katikati mishale ya kuonyesha faili gani litakwenda wapi. Na wapo wanaotaka kompyuta mbili zizungumze zenyewe kwa mtandao bila mtu kubeba kitu. Hao wana Syncthing, iliyoanza mwaka 2013.

(Bwana mmoja amenishauri SyncToy ya Microsoft, ambayo aliitumia zamani akaipenda. Ilikuwa nzuri. Lakini wenyewe Microsoft wamekwisha kuiondoa, na anayeitafuta leo ataipata katika mahali asipopajua mwenyewe. Tuiache.)

Kusawazisha kuna njia zake, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa utulivu, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Njia ya kwanza ni ya kioo. Folda moja ndiyo uso na nyingine ndiyo kioo; kilichomo katika uso kitaonekana katika kioo, na kisichokuwamo katika uso kitaondolewa katika kioo. Njia ya pili ni ya kwenda na kurudi: pande zote mbili zina haki sawa, aliyebadilisha huku hupelekewa mwenziwe wa kule, na wa kule vile vile. Njia ya tatu ni ya kuongeza tu: vipya na vilivyobadilika hupelekwa, wala hakifutwi kitu.

Njia ya kioo ni nzuri mno, na ukiielekeza kinyume ni hatari mno. Tuseme karani amenunua flashi mpya, tupu. Anataka kuitia folda ya chama. Kwa haraka anaiweka flashi upande wa uso na folda ya chama upande wa kioo. Programu haitabishana naye. Uso hauna kitu, basi na kioo hakitakuwa na kitu. Hii ndiyo sababu napendelea, kwa makarani wanaoanza, programu yenye kuonyesha kwanza. FreeFileSync ina kitufe cha kulinganisha na kitufe kingine cha kusawazisha, na baina ya viwili hivyo hakitendeki chochote. Mtu ana nafasi ya kutazama mishale yake. Akiona mafaili mia nne yamewekewa alama ya kufutwa, ataondoa mkono. Robocopy nayo ina namna ya kuambiwa iorodheshe tu bila kutenda, walakini ni lazima uikumbuke mwenyewe na kuiandika.

Njia ya kwenda na kurudi ndiyo inayopendwa na wengi, kwa kuwa yaonekana ya haki. Baadhi ya wenzangu katika kamati wanaitaka kwa matawi yote matatu: kila karani aandike orodha moja, na mashine zisawazishe. Mimi sikubaliani nao, na nitaeleza kwa nini.

Programu ya kusawazisha haijui kusoma. Haijui kilo wala pishi. Haijui kuwa mstari wa 214 ni wa bibi mmoja wa Konde na mstari wa 215 ni wa mwanawe. Hutazama faili kwa nje: ukubwa wake, na saa lilipoandikwa mara ya mwisho. Basi karani wa Wete akiongeza kilo za watu wake katika orodha asubuhi, na karani wa Mkoani akaongeza za watu wake katika orodha ile ile mchana, kabla hazijasawazishwa, programu haiwezi kuchukua mistari ya huyu na mistari ya yule ikaitia pamoja. Ina faili mbili, zote mbili zimebadilika. Syncthing katika hali hiyo hulichukua lile lenye saa ya nyuma, ikalipa jina jingine lenye alama ya mgongano pamoja na tarehe na saa, na lile la mbele likabaki na jina lake. Hilo ni jambo la kiungwana, maana hakuna kilichopotea. Walakini kuna mtu atakayeona kwamba limezaliwa faili jingine? Na akiona, atakaa kulinganisha mistari mia sita na mistari mia sita, siku ambayo watu wanasubiri mizani? Tutakuwa tumerudi kwenye “Orodha Mpya Kabisa”, ila safari hii jina limetungwa na mashine.

Kwa hivyo rai yangu ni kuwa kila tawi liwe na faili lake, na faili la tawi liandikwe na karani wa tawi hilo peke yake. Wete waandike la Wete. Mkoani waandike la Mkoani. Chake waandike la Chake, na hayo mengine wayasome na kuyajumlisha katika faili la nne, ambalo hakuna aliandikaye kwa mkono, linavuta hesabu kutoka matatu yale. Namba ya simu ya mtu wa Wete ikibadilika, Chake wasiisahihishe. Wampigie karani wa Wete aisahihishe kwake, na itarudi Chake yenyewe. Wapo watakaosema huu ni mzunguko. Ndiyo, ni mzunguko, kama ulivyo mzunguko kumtaka mwenye mizani aandike mwenyewe katika stakabadhi yake badala ya kuwaachia watu watatu kalamu moja.

Tukikubali hivyo, njia ya kioo inatutosha, na ile ya kwenda na kurudi hatuihitaji kabisa. Wete ni uso, na huko Chake kuna kioo cha Wete. Syncthing ina mpango huu tayari: folda ya tawi huwekwa kuwa ya kupeleka tu, na ya afisi kuu kuwa ya kupokea tu. Mtu wa Chake akigusa kitu kwa bahati mbaya ndani ya folda ya Wete, alichokigusa hakitakwenda Wete. Kitabaki hapo hapo, na programu itamwonyesha kitufe cha kukirudisha kama kilivyokuwa.

Sasa nisemee habari ya saa, jambo ambalo sijalisikia likitajwa katika kikao chochote. Nimesema kuwa programu hizi hutazama saa ya faili. Saa hiyo hutoka katika kompyuta, na kompyuta ina betri ndogo ndani yake, ya mviringo kama sarafu, inayoiwezesha kukumbuka tarehe hata ikizimwa. Betri hiyo hufa. Kompyuta kongwe ikiwashwa asubuhi baada ya umeme kukatika usiku, huamka ikidhani ni miaka mingi nyuma. Ikiwa imeunganishwa na mtandao itajirekebisha. Ikiwa haikuunganishwa, karani ataandika kilo za leo na faili litapigwa muhuri wa tarehe ya zamani. Programu iliyoambiwa “lililo jipya lishinde” italiona faili la leo kuwa kuukuu, na la juzi kuwa jipya. Betri hiyo ni kitu cha bei ndogo na fundi huibadili kwa dakika chache. Naomba ibadilishwe katika kompyuta zote tatu kabla ya msimu, hata ile inayodhaniwa nzima.

Na kuna jambo dogo zaidi la saa. Kompyuta zetu nyingi hapa kisiwani zimeletwa na jamaa zetu kutoka Maskati na Dubai, na saa zake zimeachwa za huko, saa moja mbele yetu. Katika flashi za mpango wa zamani wa FAT32, faili huandikiwa saa ya ukutani tu, bila kusema ni ukuta wa mji gani. Basi faili lililoandikwa saa tatu yetu katika kompyuta yenye saa za Maskati huonekana limeandikwa saa nne. Mwingine akiandika kwake robo saa baadaye, kazi yake itaonekana kuwa ya kabla. Atakayetaka kujua saa ya kompyuta yake aitazame sasa hivi, na pamoja na saa atazame jina la mji lililowekwa.

Wako wasemao: taabu yote hii ya nini, na mawingu yapo? Tuweke folda yetu katika Google Drive au Dropbox, kila mtu aione. Siyapuuzi maneno haya. Mtandao ukiwa mzuri, mpango huo ni mwepesi, na kuna orodha ambazo watu wawili waweza kuziandika kwa pamoja wakionana mstari kwa mstari, jambo ambalo programu nilizozitaja haziwezi. Lakini nataka mambo mawili yajulikane. La kwanza, folda ya mawinguni huwa ni ya mtu mwenye akaunti. Akifungua karani kwa jina lake na simu yake, siku anapoacha kazi, au siku simu inapotumbukia baharini pale Mkoani, chama kitabaki kikibisha hodi katika nyumba iliyofungwa. La pili, kilichofutwa hakikai milele. Katika Google Drive kilichotupwa hukaa katika pipa siku 30, kisha huondoka. Sisi hesabu za msimu twazitazama mwisho wa msimu, na msimu ni mrefu kuliko siku 30.

Syncthing haina wingu. Mafaili hutoka kompyuta hii yakaingia ile, yakiwa yamefungwa kwa siri njiani, wala hayakai mahali pa mtu wa tatu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo kompyuta mbili hazina budi ziwe macho kwa wakati mmoja. Wete ikiwa imezimwa na Chake imewashwa, hakuna kitakachokwenda. Itabidi tuweke saa maalumu, tuseme saa nane mchana hadi saa tisa, matawi yote yawe yamewasha. Siku ambazo mtandao au umeme hakuna, flashi irudi kazini, kwa njia ya kioo na kwa upande mmoja tu, tawi kwenda Chake.

Na wako wengine, hasa wazee wetu, wasemao kwamba daftari la karatasi linatosha. Hawa nawaheshimu zaidi kuliko wale wa mawingu, kwani wana ushahidi. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa kiasi cha miezi mitatu bila umeme kwa hitilafu ya waya wa baharini. Sisi Pemba waya wetu kutoka Tanga ulikuja mwaka huo huo wa 2010, na kabla ya hapo tulikuwa juu ya majenereta ya dizeli, kila mtu anajua yalivyokuwa. Mambo kama hayo yaweza kurudi. Kwa hivyo stakabadhi ya mizani iendelee kuandikwa kwa kalamu, nakala moja kwa mkulima na moja kwa tawi, na asiyekuwa na stakabadhi asikubali kuondoka mizanini. Kompyuta ni ya kujumlisha na kutafuta, na inashinda karatasi kwa jambo hilo. Mchwa nao wana maoni yao kuhusu karatasi.

Nimebakiza jambo ambalo kwa mtazamo wangu ni zito kuliko yote. Watu wengi wakisikia kuwa folda zimesawazishwa, hupumua, wakadhani sasa kuna akiba. Hapana akiba hapo. Kusawazisha ni kufanya folda mbili ziwe sawa, pamoja na makosa yake. Karani wa Wete akifuta kwa bahati mbaya hesabu za wiki ya tatu, programu, kwa utiifu wake, itazifuta na Chake. Faili likiharibika huku, litapelekwa kule limeharibika. Mei 2017 kulitoka kirusi kilichoitwa WannaCry, kilichofunga mafaili ya watu katika nchi nyingi duniani, hata mahospitali ya Uingereza, na kudai fedha ili yafunguliwe. Kirusi cha namna hiyo kikiingia Wete, mafaili yaliyofungwa yatasawazishwa Chake kwa uaminifu kamili, na diski yoyote iliyochomekwa wakati huo itafungwa nayo.

Baadhi ya programu hizi zina dawa ya kiasi. FreeFileSync yaweza kuambiwa kuwa kinachofutwa kisifutwe, kiwekwe kando katika folda nyingine pamoja na tarehe yake. Syncthing nayo huweza kutunza matoleo ya nyuma, lakini haifanyi hivyo mpaka iamrishwe; mtu akiiweka akaiacha ilivyo, hakuna kinachotunzwa. Tena hutunza yale yaliyobadilishwa na upande wa pili tu. Likifutwa Wete, toleo la nyuma litapatikana Chake, na Wete hawatalipata kwao. Lazima basi amri hiyo itiwe Chake, na atakayeitia aithibitishe mbele ya mwenziwe kwa kufuta faili la majaribio na kulirudisha.

Hata hivyo, akiba ya kweli ni nakala isiyochomekwa popote na isiyokaa nyumba moja na kompyuta. Sisi wa kisiwa hiki hatuna haja ya kufundishwa hili na wageni. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa mno ya mikarafuu yake. Pemba haikuguswa sana, na tangu hapo ndiko karafuu nyingi zilikotoka. Lau mikarafuu yote ingekuwa Unguja, biashara hii ingalianza upya kwa mbegu. Lakini hebu mtu aingie afisi yetu leo aulize akiba ya hesabu iko wapi. Ataonyeshwa flashi, nayo imo katika mtoto wa meza, na juu ya meza hiyo ndiyo kompyuta yenyewe, na juu ya kompyuta ni bati lililovuja masika iliyopita.

Kuna kisa cha Marekani kinachosimuliwa sana na watu wa kazi hizi. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ilikuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2, na mtu mmoja akatoa amri iliyofuta sehemu kubwa ya kazi katika mashine zao. Walipokimbilia akiba wakakuta haifanyi kazi vizuri, na hakuna aliyekuwa ameijaribu. Kilichowaokoa ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa kazi ile, ambaye alikuwa amejifungua karibuni na kwa hivyo akifanya kazi kwake. Kampuni yenye fedha kama ile iliokolewa na nakala ya nyumba ya mzazi! Sisi je, ambao hatuna hata mtu wa kuulizwa?

Naomba basi kamati, kabla ya uchumaji kuanza, inunue diski mbili za nje. Si kitu kikubwa; magunia machache ya msimu mmoja yanagharimu zaidi. Kila Alkhamisi diski ya kwanza ichomekwe Chake, folda zote zinakiliwe ndani yake kwa folda mpya yenye tarehe, ichomolewe, na ipelekwe kukaa mbali na afisi. Wiki ijayo iwe zamu ya pili, na ile ya kwanza irudi. Kwa hivyo wakati wowote iko moja nje, na hata Alkhamisi ya bahati mbaya ikipotea iliyomo afisini, kilichopotea ni wiki moja. Mara moja kila mwezi atakayezishika achague mwanachama mmoja yeyote, aitafute hesabu yake ndani ya diski, ailinganishe na stakabadhi ya karatasi. Kisipopatikana kitu, tujue mwezi huo, wala tusingoje siku ya kugawana.

Juu ya siri za watu nitasema kidogo tu. Orodha zetu zina majina, namba za simu, na kwa wengine namba za benki. Flashi iliyosahauliwa ndani ya gari ya abiria baina ya Wete na Chake ni daftari la watu mia kadhaa lililoachwa wazi njiani. Flashi na diski zifungwe kwa neno la siri, na neno hilo lijuliwe na watu wawili, siyo mmoja na siyo kumi.

Najua wapo watakaosema kuwa chama kingoje, kinunue mpango mkubwa wa hesabu kama wa makampuni. Labda siku moja tutaufikia. Lakini mpango mkubwa utatiwa hesabu gani? Hizi hizi. Tukiupelekea orodha tano zisizolingana, utatujumlishia tano zisizolingana, na kwa bei kubwa. Kwanza tujue Wete ina wanachama wangapi, jambo ambalo leo lina majibu mawili kwa mujibu wa afisi utakayoiuliza.

Katika mkutano ujao nitaomba mambo haya yapigiwe kura moja moja: faili la kila tawi liwe na mwandishi mmoja, kusawazisha kuwe kwa upande mmoja, tawi kwenda afisi kuu, betri za saa zibadilishwe, na diski mbili zinunuliwe. Programu yenyewe makarani waichague, maana wao ndio watakaoitumia, ila wasome kwanza masharti yake, kwani programu kuwa bure kwa mtu nyumbani kwake si lazima iwe bure kwa kila afisi. Jina la atakayeshika diski libandikwe katika ubao wa nje pale Chake, chini ya bei za wiki, ili kila mkulima ajue wa kumwendea.

Mkulima, Konde